Naandika riwaya ya hazina ya Mjerumani, kijiji kizima kinaamini nimekuja kuichimba

Kalamu ya Kabwe:

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa Mbeya mjini, nina kibanda cha fotokopi pale Kabwe, usiku naandika hadithi. Zamani nilikuwa narusha za kipelelezi kwenye magrupu ya WhatsApp, kipande kwa kipande, wasomaji wananitumia buku mbili mbili za vocha. Sasa nimeamua kuandika riwaya ya kuchapwa: vijana wawili wa Rungwe wanatafuta sanduku la dhahabu lililofukiwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nina swali, ila nisipowapa kisa chake mtaniona kituko.

Sipendi riwaya za kubahatisha. Unasoma mtu anachimba shimo kwenda chini kuliko kimo chake, usiku mmoja, kwa jembe la mkono, asubuhi anaenda kazini, unajua kabisa mwandishi hajawahi kuchimba hata choo. Kwa hiyo nikaenda kwa mjomba, kijiji fulani huko juu ya Tukuyu ambacho sikitaji kwa usalama wangu, nikamwomba kona ya shamba nyuma ya nyumba. Nilitaka kupima: watu wawili, jembe, beleshi, taa ya chemli, mpaka usawa wa kifua, inachukua muda gani? Mjomba akanitazama weee, akasema chimba, ila usiniguse migomba. Nikamlipa kijana wa jirani, tukaanza giza lilipoingia. Ilibidi iwe usiku kwa sababu wahusika wangu wanachimba usiku.

Hata magoti hayajazama, uani pameshajaa. Hakuna aliyeuliza kitu. Wamesimama tu, akina mama wamejitanda khanga kwa baridi ile mnayoijua, watoto wamekaa juu ya udongo tuliotoa. Baadaye nikasikia sauti nyuma: "Ndiye huyo aliyesomea Kijerumani." Mimi Kijerumani sijui hata salamu! Kilichokuwepo ni ramani ya zamani niliyoichapa dukani kwangu kwenye karatasi kubwa, pale ilipo Tukuyu pameandikwa Neu Langenburg. Nikaipaka chai ya rangi, maana nilitaka kujua herufi zilizofifia zinasomekaje kwa mwanga wa taa. Kijana wangu alipoiona akasema anaenda kunywa maji. Aliporudi, alirudi na kaka zake.

Kipimo changu kikafa hapo hapo. Shimo lilifika kifuani mapema sana, kwa sababu waliokuwa wanachimba hawakuwa wawili tena. Nilisukumwa pembeni kwenye shimo langu mwenyewe, nikabaki kushika taa.

Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji akaja na mgambo. Akakataa chai, jambo ambalo kwa Wanyakyusa si dogo. Akauliza, "Mzigo huu una wenyewe, au ni wa kijiji?" Nikamweleza kwamba hakuna mzigo, ni hadithi, naandika kitabu. Akatikisa kichwa kwa upole kabisa. "Kijana wangu, aliyetangulia alisema anatafiti vipepeo."

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Mtu asiye na kitu hawezi kukana kwa nguvu hivyo, ndiyo hoja yao, na kusema kweli sikuwa na jibu.

Akaja mzee mmoja na rupia. Mnaijua habari ya rupia ya Mjerumani inayovuta mchele, kwamba ile yenyewe ya mamilioni ukiisogeza karibu na punje za mchele zinaifuata. Ya kwake ilikuwa kwenye kopo la tumbaku, ndani ya nailoni, ndani ya kitambaa, ndani ya nailoni nyingine. Mjomba akaleta sahani ya bati, mchele ukamwagwa, mzee akaishika ile sarafu kwa vidole viwili akaanza kuizungusha juu ya sahani polepole. Uani kimya. Mchele haukutikisika. Akajaribu upande wa pili. Wapi. Akaiweka chini akasema bila wasiwasi, "Huu ni wa Kyela, mzito. Tungepata wa Usangu." Nilipoomba kuishika nikaona simba amesimama mbele ya milima, na mwaka 1924. Hiyo ni shilingi ya Mwingereza, wakuu. Mjerumani alikuwa ameshaondoka kitambo. Sikusema. Mzee ameitunza miaka yote hiyo, mimi ni nani?

Ya jamaa wa kutoka Tunduma aliyeletwa na bodaboda, mashine ya kutafutia madini imefungwa kwenye blanketi, nitafupisha. Ililia kwenye msumari, ikalia kwenye mkanda wangu, ikalia kwa nguvu sana chini ya mgomba, na hapo likatoka panga la mjomba lililopotea tangu msimu wa kahawa. Katika sakata zima aliyepata hazina ni mjomba peke yake.

Mwisho nikaitwa ofisi ya kijiji. Nikaona njia ni moja tu: nikatoa daftari nikawasomea sura ya kwanza. Walisikiliza vizuri mpaka Wajerumani wanavuka mto na sanduku, mzee mmoja akanyoosha mkono: "Simama hapo. Mwezi gani huo?" Nikasema Aprili. Ukumbi ukacheka. Mto ule Aprili hauvukiki hata na mtu mtupu. Bibi mmoja akataka kujua yule binti kwenye hadithi kwa nini anapika ugali usiku wa wageni, kwani mbalaga, ndizi zetu za kupika, zimekwisha? Nikawa naandika masahihisho pembeni. Wakaniruhusu kuondoka, lakini mwenyekiti alinisindikiza hadi barabara ya lami, na hakuwa ananisindikiza kwa mapenzi.

Sasa swali. Sanduku langu lina sarafu za dhahabu za Tabora, zile zenye tembo. Nimeandika elfu kumi, na kijana mmoja anaondoka nalo begani usiku. Inaingia akilini? Na mliowahi kufanya utafiti vijijini, mnajitambulishaje mpaka mnaaminiwa?

Mtoto wa Mwanjelwa:

Mkuu acha kutuzuga. Nani anapaka ramani chai kwa ajili ya hadithi? Sema mgao ukoje, pikipiki ninayo.

Mnyalu wa Gangilonga:

Kamwene mkuu. Nimecheka mpaka wanafunzi wamechungulia ofisini. Nafundisha historia sekondari hapa Iringa, kwa hiyo vumilia urefu.

Anza na mzani. Ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ina gramu 7.168. Elfu kumi ni kilo 71 na ushee, sanduku bado. Kuli wa bandarini atajitwisha. Mwanafunzi wa kidato cha nne hafiki hata kwenye ua. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba zilipigwa 16,000 na kidogo tu kwa jumla. Ukizirundika zote hazifiki kilo 120, na hata hizo dhahabu ni robo tatu, robo iliyobaki ni madini mengine. Maana yake sanduku lako moja limebeba zaidi ya nusu ya sarafu zote. Na hizi sarafu zipo, zinauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kila leo. Zingekuwaje huko kama nyingi ziko chini ya migomba ya mjomba wako?

Njoo kwenye tarehe. Jeshi la Mwingereza, la Jenerali Northey, lilivuka kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na Rodesia ya Kaskazini (Zambia) Mei 1916, Wajerumani wakaiacha Neu Langenburg. Agosti mwaka huo huo Iringa nayo ikaondoka mikononi mwao, Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Kwa hiyo mwezi ule Wajerumani wa Tukuyu wanakimbia, kule Tabora karakana ya reli ndiyo kwanza inahangaika na hizo sarafu. Dhahabu ifike Rungwe saa ngapi, na kwa njia ipi?

Utasema basi nihamie 1918. Sawa, lakini safu ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, ilivyorudi kutoka Msumbiji mwaka ule ilipita Ubena, ndiyo Njombe ya leo. Oktoba wakaacha wagonjwa pale, pamoja na Jenerali Wahle mwenyewe, kisha wakakata kwenda Fife, ng'ambo ya Tunduma. Tarehe 25 Novemba wakaweka silaha chini Abercorn, mji tunaouita Mbala sasa, vita Ulaya vimeshaisha wiki mbili. Rungwe wameiacha pembeni.

Halafu kuna jambo moja huwa nawauliza wanafunzi kila wakiniletea habari za mali ya Mjerumani: askari wao, hawa babu zetu, walimaliza vita wakidai mishahara. Malimbikizo yalikuja kulipwa miaka kadhaa baadaye. Jeshi linalodaiwa na askari wake mwenyewe lifukie dhahabu ili iweje?

Ungeniuliza mimi, ningeweka noti. Meli za Waingereza zilipoziba bahari na fedha kutoka Ulaya ikakatika, walichapa noti za muda humu humu nchini kuanzia 1915, na zile za mwisho za 1917, za porini kabisa, ziligongwa kwa herufi za mpira. Vijana wako wachimbe riwaya nzima, wauane karibu, sanduku lifunguke wakute karatasi.

Kama unataka msako wa kweli, sisi Wahehe tunao. Kilichotafutwa hakikuwa dhahabu, kilikuwa kichwa cha Mkwawa, mtawala wetu aliyepigana na Wajerumani. Alijipiga risasi Julai 1898 asishikwe, kichwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles ukaandika kwenye kifungu cha 246 kwamba fuvu lirudishwe, Wajerumani wakasema hawajui liliko. Ilibidi Gavana Twining aende mwenyewe makumbusho ya Bremen kuchambua mafuvu kabatini, likarudi 1954. Liko Kalenga, nenda ukalione, kwa gari ni karibu tu kutoka mjini. Hakuna mwandishi angeruhusiwa kubuni kitu kama hicho.

Kalamu ya Kabwe:

Mwalimu, umeniulia sura ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja. Hiyo hoja ya mishahara inauma kwa sababu babu mmoja kwenye hadithi yangu alikuwa askari, na nimemfanya ndiye mlinzi mwaminifu wa sanduku. Sasa naona ana kila sababu ya kuliiba. Ni bora zaidi, lakini inabidi niandike upya.

Nikibaki Rungwe na Mei 1916, sanduku liwe na rupia za kawaida za fedha?

Mnyalu wa Gangilonga:

Ndiyo, zile zenye Kaisari amevaa kofia ya vita. Hizo zilikuwa mikononi mwa watu tangu miaka ya 1890. Moja ni gramu 11.66, kwa hiyo elfu moja ni karibu kilo 12. Elfu mbili kijana anabeba, analalamika, ila anafika. Na Mei itakuokoa na ule mto wako, mvua zinakuwa zinaelekea kukatika, japokuwa Tukuyu huwa haina habari na kalenda.

Ndizi Mzuzu:

Kaka, hujataja kijiji lakini sisi wa huku tumeshakijua. Panga ndilo lililokutambulisha.

Nikupe ambayo hukuyaona. Ulipoondoka shimo halikufukiwa. Watu walikuja kuliangalia siku kadhaa, wengine wametoka Kiwira. Jamaa mmoja akasema uliacha kuchimba makusudi ulipokaribia, ili urudi peke yako, basi wakaongeza kina. Mwishoni mjomba wako akachoka, akatia samadi humo akapanda migomba. Imeshika vizuri ajabu, na sasa ndiyo tabu imeanza: wanasema inastawi hivyo kwa sababu mizizi imegusa kitu.

Na yule mzee wa rupia anakusifia. Anasema katika wote waliowahi kuishika, wewe peke yako hukumwambia bei.

Mwenyekiti naye usimchukie. Kuna watu waliwahi kuja huku kwa jina la utafiti, wakachimba karibu na makaburi ya zamani ya misheni, wakaondoka alfajiri wameacha misalaba imelala. Aliyejibu maswali ya wakubwa ni nani? Si yeye. Ndiyo maana anasindikiza watu mpaka lami.

Duara Refu:

Wakuu, mimi nipo Chunya, kazi yangu ni kuingia chini, kwa hiyo historia nawaachia walimu. Ila kwenye kuchimba mwandishi ametuangusha kidogo na nataka asaidiwe.

Kwanza watoto kukaa juu ya kifusi, hapana. Udongo unautupa mbali na mdomo wa shimo, usipofanya hivyo uzito wake ndio unaokuangushia ukuta. Pili, kwenye hadithi usiandike shimo jembamba. Likipita kiuno, jembe linakosa nafasi ya kupanda na beleshi linagonga ukuta, kwa hiyo lazima ulipanue juu ndipo ushuke, na hapo ndipo muda unapokwenda. Watu wawili mmoja ndiye anachimba, mwingine anatoa udongo, wanapokezana. Udongo wa Rungwe ni laini, kule kwetu ukikutana na mwamba ni nyundo na moko (patasi ya chuma ya kuvunjia mwamba), usiku mzima umepata kimo cha ndoo.

Tatu, hiki ndicho cha maana. Mtu aliyefukia kitu hahitaji ramani wala mchele kumfichua. Ardhi ikishafukuliwa hairudi ilivyokuwa. Ukirudishia udongo leo, mvua zikipita panadidimia, panabaki kibonde, na maji yanatuama hapo wakati pembeni pamekauka. Ukikata ukuta wa shimo utaona rangi zimechanganyika, udongo mweusi wa juu uko chini na wa chini uko juu. Pasipofukuliwa tabaka zimelala zenyewe kwa zenyewe. Hivyo ndivyo tunavyojua duara, yaani shimo la mgodi, la zamani hata kama limeota mti. Mpe huyo kijana wako macho ya namna hiyo, ramani aichane.

Halafu kwa nini kila dhahabu iwe ya Mjerumani? Mbio za dhahabu za Lupa zilikuja miaka ya 1920 na 1930, enzi za Mwingereza, na Mbeya mjini unapofanyia fotokopi ni mji wa 1927, umezaliwa na dhahabu hiyo hiyo. Mchimbaji mmoja aliyeficha chupa ya dhahabu ya unga asimwoneshe mshirika wake, hiyo naiamini bila shida. Nimeona watu wakifanya hivyo juzi tu.

Mtoto wa Mwanjelwa:

Duara mkuu, hiyo chupa iliyofichwa juzi iko upande gani?

Mhifadhi Mstaafu:

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi ya mambo ya kale muda mrefu kabla ya kustaafu, nijibu lile la kujitambulisha, kwa sababu humu wote mmeliruka.

Kuandika hadithi hakuhitaji kibali cha mtu. Kuchimba kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni, hiyo ipo kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na "nilikuwa napima muda" haitamshawishi polisi zamu ya usiku. Kama wahusika wako wanapata kitu, wawe na hofu hiyo kichwani, itakupa mivutano mizuri.

Kwenye kijiji, usianzie kwa mjomba. Anzia juu ushuke. Andika barua kwa Katibu Tawala, eleza wewe ni nani na unataka kuzungumza na wazee gani, upate barua ya utambulisho kwenda halmashauri, wao wakupeleke kwa mtendaji wa kata, naye kwa mtendaji wa kijiji. Inachosha, najua. Utaambiwa bosi yuko kikaoni. Lakini ukifika na karatasi yenye muhuri, mwenyekiti hana sababu ya kukusindikiza, na wazee watakusimulia mchana badala ya kukuchungulia usiku. Nenda pia Iringa Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, ukae na vitu vyenyewe, uone unene wa kuta na uzito wa milango. Huwezi kuandika Mjerumani anafunga mlango kama hujausukuma.

Na hiyo ramani ya chai iache nyumbani.

Kalamu ya Kabwe:

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, barua nitaiandika, na bahati nzuri gharama ya kuichapa sina. Nikitoka Iringa Boma nitapanda hadi Kalenga kama mwalimu alivyosema.

Mpaka sasa nimebadilisha hivi: sanduku ni Mei 1916, lina rupia za fedha juu na noti chini, kwa hiyo anayelifungua kwanza anafurahi, anayehesabu mpaka mwisho ndiye analia. Kijana mmoja nimempa kazi ya duara huko Chunya kabla hadithi haijaanza, ndiye anaona kibonde kilichotuama maji. Noti nitazianzia na zile za 1915, za mihuri ya mpira siwezi kuzitumia, bado hazijatengenezwa. Mwalimu usinikamate.

Dada Mzuzu, mjomba mwambie akija mtu kung'oa migomba anipigie mimi kwanza.

Ndizi Mzuzu:

Nitamwambia. Ila nimepita ofisi ya kijiji leo, mwenyekiti amenipa ujumbe. Anasema kwa usumbufu aliopata anataka awemo kwenye kitabu, kwa jina lingine sawa, lakini awe yeye ndiye anayelipata sanduku. Na asife.

Kalamu ya Kabwe:

Mwambie hafi, na analipata yeye. Ila ukurasa unaofuata anaibiwa na mtafiti wa vipepeo.